Hirimu Simuni: Kwa Nini Wazee wa Lavington Hutafuta Wenzao Mtandaoni

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu siku hizi aghalabu hushauriwa aiangalie lugha ya mitandao. Ndiyo sababu tunazo kazi nyingi kuhusu Sheng', kuhusu ufupishaji wa maneno katika arafa na kuhusu mizaha ya vijana kwenye Facebook. Ni kazi za manufaa, ila nyingi zinamchukulia mtumiaji wa mtandao kuwa kijana. Mzee akitajwa katika tasnifu zetu, hutajwa kama ghala la methali na ngano: mtafiti humwendea na kinasasauti, akamrekodi, akamshukuru, akaenda zake. Kwamba mzee huyo huyo, mara tu mtafiti anapotoka langoni, huvaa miwani na kurejea kwenye kikundi chake cha WhatsApp ili awasimulie wenzake habari za mgeni aliyemjia, ni jambo ambalo halijatushughulisha ipasavyo.

Makala haya yanakusudia kulijadili swali moja: ni kwa nini mtu wa miaka 70, mwenye nyumba yake, malipo yake ya uzeeni, msaidizi wa nyumbani na wajukuu, huamua kutafuta wenzake ndani ya simu? Mahali tunapopaangalia ni Lavington, magharibi ya jiji la Nairobi. Huenda msomaji akauliza kwa nini tusiende vijijini au katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, waliko wazee wenye shida zilizo wazi. Jibu ni kwamba Lavington hutusaidia kuutenga upweke na umaskini. Pale ambapo chakula na dawa vipo na bado mtu ni mpweke, ndipo tunapoweza kuutazama upweke wenyewe.

Kwa maana ya mzee tunafuata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 260 inamtambua kuwa ni mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kifungu cha 57 kinaitaka Serikali ichukue hatua za kuhakikisha kwamba watu hao wanashiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na miongoni mwao takriban milioni 2.7 walikuwa wametimiza umri huo. Si wengi kwa kulinganishwa na vijana. Lakini kila mmoja wao aliingia katika uzee na ulimwengu ambao watoto wake hawakuuona, na hilo, kama tutakavyoona, ndilo kiini cha jambo hili.

Upweke, ukiwa na utengano

Lugha yetu ina maneno kadhaa katika uwanja huu, na si vyema kuyachanganya. Upweke hutokana na kivumishi -pweke: ni hali ya kuwa mmoja. Ukiwa ni zaidi ya hapo. Mahali penye ukiwa ni mahali palipohamwa. Palikuwa na watu, sasa hapana. Mkiwa ni mtu aliyeondokewa. Katama Mkangi alipoichapisha riwaya yake mwaka 1975 na kuiita Ukiwa, hakuwa anateua neno la pambo tu. Utengano nao ni kukatwa kutoka kwa wengine, kwa hiari au kwa nguvu.

Tofauti hii tunaikuta hata katika tafiti za nje. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2025 inatenganisha mtu asiye na watu wa kutosha karibu naye na mtu anayejihisi mpweke, hata akiwa na watu. Ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke wa aina hii ya pili, na la kushangaza ni kwamba waliopatikana kuwa wapweke zaidi ni vijana, si wazee. Kwa hiyo anayedhani kwamba kila mzee ni mpweke kwa sababu ya mvi zake anakosea. Mzee wa kawaida ana njia za kuukabili upweke ambazo kijana hana. Shida huja pale njia hizo zinapofungwa.

Kwa maoni yangu, linalompata mzee wa Lavington hasa ni ukiwa. Nyumba haikosi watu: kuna dada wa kazi, askari wa lango, mtunza bustani, pengine na mjukuu anayesoma chuo. Asubuhi wote humsalimu kwa adabu. Lakini hakuna hata mmoja anayemwita kwa jina alilokuwa akiitwa bwenini mwaka 1968. Kwao yeye ni Mzee, ni Guka, ni Shosho, ni Mama Nani. Majina haya ni ya heshima, na heshima ina ubaridi wake. Anayeheshimiwa na wote waliomzunguka hana wa kutaniana naye.

Kiswahili kina neno ambalo wanafunzi wengi siku hizi hawalitumii: hirimu, yaani watu wa umri mmoja, wenzi wa rika. Jamii nyingi za Afrika Mashariki ziliujenga utaratibu mzima wa maisha juu ya rika. Wagikuyu, ambao ni wengi kandokando ya Lavington, huliita riika, na kila riika lilipewa jina la tukio la wakati wake. Mtu hakukua peke yake wala hakuzeeka peke yake. Ninachodai katika makala haya ni kwamba mzee anayeingia mtandaoni hatafuti watu kwa jumla. Anaitafuta hirimu yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Laura Carstensen, tangu miaka ya 1990 amekuwa akieleza kwamba mtu anapouona muda uliobaki kuwa mfupi huacha kupanua mzunguko wa marafiki na kuwashikilia wachache wenye maana kwake. Tukilichukua wazo hilo, tunaelewa kwa nini mzee haendi mtandaoni kuwajua watu wapya. Huenda kuwapata wa zamani.

Mtaa na kuta zake

Historia ya Lavington ilianza na misheni ya St. Austin's, iliyoanzishwa mwaka 1899 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao mashamba yao yalikuwa miongoni mwa yale ya kwanza kupandwa kahawa katika sehemu za Nairobi. Katika enzi ya ukoloni upande huu wa jiji ulitengewa Wazungu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 waliingia wakuu wa serikali, wanabalozi, wafanyabiashara, madaktari na maprofesa. Nyumba zilikuwa za ghorofa moja, katikati ya bustani pana, zikizungukwa na ua wa kayaba wenye miiba. Jirani ulimwona kupitia mapengo ya ua, na watoto waliyajua matundu ya kupenyea.

Ua huo umekuwa ukiondolewa, na mahali pake pamejengwa kuta za mawe zenye nyaya za umeme. Viwanja vingi vilivyokuwa na nyumba moja sasa vina majengo ya ghorofa. Msomaji anayepita kwenye barabara ya James Gichuru au maeneo ya Valley Arcade ataona mwenyewe. Anayetaka kumtembelea mzee katika majengo hayo lazima aandike langoni jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya gari, nyumba anayoiendea na saa aliyoingia. Kisha askari apige simu juu kuuliza kama mgeni huyo anatarajiwa. Utaratibu huu una sababu zake za kiusalama na siupuuzi. Lakini umemuua mgeni wa ghafla. Rafiki wa kupitia tu, asiye na ajenda, anayeketi nusu saa na kuondoka, hawezi kuandikwa katika daftari la askari bila kuona haya.

Ng'ambo ya pili, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ni Kawangware. Pale mzee huketi nje ya kibanda cha mshona viatu tangu asubuhi, na wenzake humkuta hapo. Ana shida nyingi ambazo mzee wa Lavington hazijui. Hii ya kuomba ruhusa langoni ili asalimiwe hana.

Na watoto? Wengi wa wale waliolelewa katika nyumba hizo wako Marekani, Uingereza, Kanada, Australia au Ghuba. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 za Marekani. Pesa hufika kwa sekunde chache. Mtumaji mwenyewe hufika Disemba, akipata likizo. Katika majira ya baridi, saa tatu ya usiku Nairobi ni saa sita ya mchana Dallas: mzee anapotaka kulala, mwanawe yuko katikati ya kazi. Simu za Jumapili hupigwa, lakini mazungumzo yake hufuata mkondo mmoja: presha ikoje, dawa umemeza, wajukuu hawa hapa, msalimieni Shosho. Mzazi huulizwa habari za mwili wake. Habari za fikira zake huulizwa na hirimu.

Baraza lililohama

Wanafunzi wa fasihi na utamaduni wa Waswahili tunalijua baraza. Katika miji ya kale kama Lamu na Mombasa, nyumba ya mawe huwa na kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele, upande wa njia. Wanaume huketi hapo baada ya sala ya alasiri, kahawa chungu ikapita katika vikombe vidogo, bao likachezwa, habari za mji zikachambuliwa. Wanawake walikuwa na mabaraza yao ndani ya nyua, katika ziara na shughuli za harusi, na katika vyama vya lelemama vilivyotia fora Mombasa katika karne ya 20.

Sifa moja ya baraza haitajwi sana, nayo ni kwamba mtu anaruhusiwa kunyamaza. Mzee anaweza kuketi barazani saa mbili bila kuchangia neno, na bado akihesabiwa kuwa alikuwapo. Ndivyo ilivyo katika makundi ya mtandaoni. Vijana huwaita wasioandika watazamaji, na pengine huwaondoa. Katika makundi ya wastaafu, mtu anaweza kukaa miezi bila kuandika chochote ila amina, na hakuna anayemshangaa. Alama ndogo inayoonyesha kwamba amesoma ujumbe inatosha.

Hapa tuziangalie zile picha za asubuhi. Kila aliye na mzazi mwenye simu anazijua: ua waridi, jua linalochomoza, kikombe cha chai kinachofuka mvuke, na maneno ya baraka. Vijana huzicheka. Huziona ni takataka zinazojaza kumbukumbu ya simu. Lakini mwanafunzi wa isimu hapaswi kucheka haraka. Tangu mwaka 1923 Bronislaw Malinowski alitueleza kwamba yapo maneno ambayo kazi yake si kupasha habari, ila kuwafunga watu pamoja. Na hakuna lugha inayolithibitisha hilo kuliko Kiswahili, ambacho mwenyeji wake huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za tangu juzi, akajibu njema kwa zote hata akiwa anaumwa.

Zaidi ya hayo, picha hizo zina kazi ambayo aliye nje ya kikundi haioni. Katika kundi moja la walimu wastaafu ambalo nimepata kulifahamu kwa karibu, kila mmoja hutuma salamu yake kabla ya saa tatu ya asubuhi. Asiyetuma, saa nne hupigiwa simu. Asiposhika, jirani yake hupigiwa. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Ulikuwa mwenendo uliozuka wenyewe. Mzee anayeishi peke yake katika ghorofa ya tano, ambaye anaweza kuanguka bafuni na kulala hapo siku mbili, amepata walinzi 40 kwa gharama ya ua waridi moja kila asubuhi. Askari wa lango hana huduma kama hiyo katika daftari lake.

Jambo hili si geni

Anayedhani kwamba urafiki wa mbali uliletwa na intaneti na arejee nyuma kidogo. Mashairi ya Kiswahili yalisafiri kwa majahazi kati ya Mombasa na Lamu tangu zama za Muyaka bin Haji, na shairi lililofika lilidai jibu. Barua za Shaaban Robert alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, zilizochapishwa mwaka 2002, zinamwonyesha mshairi mkubwa akitafuta mwenzi wa kumweleza yaliyomsibu, mtu aliyekuwa mbali naye kwa masafa ila si kwa moyo. Kurasa za ushairi za magazeti, Taifa Leo likiwamo, ziliwafanya malenga ambao huenda hawakupata kuonana kuwa marafiki na mahasimu kwa miaka mingi.

Kisha kulikuwa na salamu za redio. Kizazi kinachozeeka sasa kililelewa na Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ikawa Shirika la Utangazaji la Kenya. Msikilizaji alinunua kadi, akaorodhesha majina ya anaowasalimu, akaituma kwa posta, akangoja siku nyingi jina lake lisomwe. Wasalimu waliunda vyama, wakajipa lakabu, wakatembeleana misibani. Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 na kufariki Februari 2025, alikuwa sauti ya nyumbani kwa watu ambao hawakumwona hata siku moja. Habari za kifo chake zilipotangazwa, mzee mmoja wa Lavington aliniambia kwamba alihisi kama amefiwa na jirani. Sikushangaa. Kwa hiyo wazee hawa walipokuja kupewa simu za rununu hawakuhitaji kufundishwa kwamba sauti isiyo na uso yaweza kuwa rafiki. Walikuwa wakilijua hilo kabla ya wajukuu wao kuzaliwa.

Chombo chenyewe kiliwafikia kwa hatua. M-PESA ilipoanza mwezi Machi 2007, wazee wengi walilazimika kuzizoea simu ili wapokee pesa. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 ziliipunguza bei ya intaneti. Mwaka 2013 WhatsApp iliongeza ujumbe wa sauti, na nadhani hilo ndilo lililofungua mlango kwa watu ambao macho yamefifia na vidole vinatetemeka. Mwaka 2020 ukamaliza kazi.

Umri wa 58

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kafyu ilianza tarehe 27 mwezi huo. Nyumba za ibada zilifungwa, na tarehe 6 Julai Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba zingefunguliwa, masharti yalikuwa kwamba waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wasihudhurie watoto wa chini ya miaka 13 wala watu wenye umri wa zaidi ya miaka 58.

Tulitafakari kidogo sharti hilo la mwisho. Nia yake ilikuwa kuwalinda wazee, kwa kuwa ndio waliokuwa wakifa zaidi. Siidharau nia hiyo. Lakini kwa mzee wa Nairobi, kanisa au msikiti ndio uliokuwa umebaki kuwa baraza lake. Mama aliyekuwa kiongozi wa Chama cha Akina Mama kwa miaka 30 aliambiwa akae nyumbani, huku wanawe wakienda. Aliyekuwa mpweke kwa sababu ya kuta sasa alikuwa mpweke kwa amri. Katika miezi hiyo rozari ikahamia simuni, mazoezi ya kwaya yakahamia simuni, na mazishi, ambayo wazee ndio wenyewe nchini mwetu, yakatazamwa kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja. Wengi waliojiunga wakati huo hawakutoka milango ilipofunguliwa. Walirudi kanisani, na kundi wakabaki nalo.

Lugha ya makundi haya

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kujifunza hapa. Kwanza, ujumbe wa sauti wa mzee ni utanzu unaostahili kuchunguzwa. Huanza kwa salamu ndefu, hueleza mahali alipo msemaji na hali ya hewa, huingia katika kisa, hutoka nje ya kisa kumkumbuka marehemu fulani, hurejea, na kumalizia kwa baraka. Nimewahi kusikiliza mmoja uliochukua dakika 11 kuhusu safari ya garimoshi kutoka Nairobi kwenda Kisumu, na majibu yaliyofuata yalikuwa ya wale waliosafiri katika behewa lile lile, kila mmoja akirekebisha kisa kwa sauti yake. Walter Ong aliita hali kama hii usimulizi wa awamu ya pili katika kitabu chake cha mwaka 1982. Istilahi hiyo inasaidia, ila kwa wazee hawa sioni kuwa kuna awamu ya pili. Ni usimulizi ule ule waliokulia, umepata tu mahali pa kuketi.

Pili, kuna suala la Kiswahili chenyewe. Waliotimiza miaka 60 walisoma kabla ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa. Wengi wao huandika Kiingereza kwa ufasaha kuliko Kiswahili, na majumbani huzungumza lugha za mama. Ungetarajia basi Kiswahili kisiwe na nafasi. Nimeona kinyume. Katika makundi ya mchanganyiko, ya waliofanya kazi wizara moja au kusoma shule moja, Kiswahili hutumika kwa rambirambi, kwa sala na kwa utani. Sababu naona ni mbili. Kiingereza kilikuwa lugha ya ofisi, na ofisi imekwisha. Lugha ya mama nayo, tangu machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Disemba 2007, hutiliwa shaka inapotumiwa mbele ya wasioielewa. Anayeandika Kikuyu au Kijaluo katika kundi la wote huulizwa anamficha nani. Kiswahili hakina mwenyewe, kwa hiyo kila mtu hulia kwacho.

Siyasemi haya kwa kuyapamba makundi. Matapeli wanayajua vyema. Mzee anayejibu kila salamu hujibu pia salamu ya mwizi, na ziko nambari zinazojifanya mtoto aliyepoteza simu, benki inayotaka tarakimu za siri, au mjane wa ng'ambo mwenye mapenzi ya ghafla. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mtandao inaadhibu udanganyifu huo, lakini mzee aliyetapeliwa mara nyingi hapigi ripoti. Anaogopa kwamba watoto wakijua watamnyang'anya simu, na akinyang'anywa simu amenyang'anywa hirimu. Aibu huilinda siri, na siri humlinda tapeli. Mtoto anayetaka kumsaidia mzazi wake na amwondolee kwanza hofu hiyo.

Uvumi ni hatari nyingine. Dawa za uongo za Korona zilipita humo kwa wingi, tena zikitumwa na watu wenye shahada. Siasa nayo huvunja makundi. Wakati wa uchaguzi wa 2017 na wa 2022 marafiki wa miaka 50 walitoka kwa hasira, na si wote waliorudi. Barazani ukigombana na mtu leo kesho utamkuta pale pale, mkatazamana mpaka mmoja acheke. Simuni, kubonyeza mara moja kunatosha, na anayetoka haonekani uso.

Nambari ya marehemu

Kundi la hirimu lina jambo moja ambalo makundi ya vijana hayajalijua bado: linapungua. Lilikuwa na watu 62, sasa 55, na hakuna wa kujaza. Kila kifo huleta kazi yake. Picha ya marehemu hubandikwa kuwa picha ya kundi, mweka hazina hutangaza nambari ya michango, sauti za kulia na za nyimbo huingia usiku kucha, na walio ng'ambo hukesha pamoja na walio hapa. Kwa siku saba kundi huwa matanga kamili. Kisha swali huzuka, na sijaona kundi lililolijibu kwa wepesi: nambari ya marehemu iondolewe au iachwe?

Msimamizi akiiondoa, simu ya kila mmoja huonyesha kwamba fulani hayumo tena, na kuna waliolia upya kwa sababu ya mstari huo mmoja. Akiiacha, huja siku ambapo kampuni ya simu humpa mtu mwingine nambari ile, na kijana asiyejulikana akajikuta katikati ya wazee wanaomwita kwa jina la mtu aliyezikwa. Kundi moja liliamua kuziacha nambari zote mpaka familia yenyewe iombe. Jingine hungoja siku 40, wakasali pamoja kwa ujumbe wa sauti, ndipo msimamizi akabonyeza. La tatu, la wanawake waliosoma pamoja miaka ya 1960, lilifungua kundi la pili lisilo na mazungumzo, na humo huhamishiwa nambari za waliotangulia, pamoja na salamu ya mwisho ambayo kila mmoja aliwatumia wenzake. Aliyenieleza habari hizo alisema kwamba kila asubuhi, akishatuma ua waridi kwa walio hai, hulifungua lile la pili na kusikiliza sauti moja au mbili kabla ya kunywa chai.